Kiti cha Bosi

Mume wangu Melkiori ni dereva. Sisemi alikuwa dereva, ingawa amestaafu na funguo za serikali amezirudisha, maana mtu aliyewaendesha wakubwa tangu ndevu zinaanza kuota hadi zimekuwa nyeupe haachi udereva kwa kupeana mikono. Hata leo akitembea kwa miguu hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege, Kibaha, akitaka kukata kona ya dukani, anatupa jicho kulia kwanza, mahali ambapo kungekuwa na kioo cha pembeni.

Wanawake wenzangu kanisani walikuwa wakinionea wivu. Mume wa gari! Hawakujua kwamba gari lile nililipanda kwa nadra sana. Gari la serikali si la mke wa dereva, na Melkiori alikuwa mtu wa kanuni. Mara chache aliponipakia aliniteremsha kabla ya kona ya ofisi, na njia nzima nilikaa nimeinama kama mzigo wa magendo. Siku niliposhikwa na uchungu wa Jenifa, mtoto wetu wa pekee, yeye alikuwa Singida anamsubiri bosi atoke kikaoni. Mimi nilikwenda hospitali kwa lori la mkaa.

Kazi ile ina adabu zake, na adabu hizo alinieleza mapema, tukiwa wachumba. Dereva hana masikio. Kinachosemwa kiti cha nyuma kinabaki kiti cha nyuma. Bosi hukaa nyuma upande wa kushoto, ambako dereva humwona kwenye kioo na ambako mlango hufunguka pembeni mwa barabara, salama. Yeye ndiye mwenye maneno. Dereva akiulizwa hujibu, asipoulizwa huangalia lami. Mkifika, dereva hufungua mlango, huegesha gari likiangalia njia ya kutokea, kisha hukaa ndani yake na kungoja, hata kama ni saa nzima, hata kama ni siku nzima. Haachi gari.

Ubaya wake ni kwamba adabu hizo alizileta nyumbani. Nikimuuliza jambo alijibu vizuri kabisa. Nisipomuuliza tuliweza kumaliza sufuria la ugali bila neno zaidi ya “naomba chumvi”. Na kusema kweli, kwa miaka mingi kimya kile kilinifaa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtu aliyeshinda na watoto tisini katika darasa moja hatafuti wa kuongea naye jioni, anatafuta beseni la maji ya moto atie miguu. Tulikuwa watu wawili waliochoka, kila mmoja kwa upande wake, na nyumba ilikwenda.

Nilipostaafu mimi kwanza ndipo kimya kikaanza kunipigia kelele. Nilikuwa nashinda na kuku. Melkiori akirudi nilikuwa nimejaa maneno, naye amejaa barabara. Alikaa kwenye kochi, akaweka mikono magotini kama ameshika usukani, akasubiri kuulizwa. Mimi nami nikasusa, nikasema leo simuulizi kitu. Tukakaa.

Miezi michache kabla ya kustaafu kwake alinichukua Jumamosi moja tukaenda Marui, kule ndani Kisarawe, kwenye shamba alilonunua kidogo kidogo kwa mzee mmoja mwenyeji, Mzee Salehe. Nilijua kuna shamba. Sikujua kuna nyumba. Ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati jipya, kibaraza kizuri kinachoangalia mihogo. Nikafungua mlango nikakuta chumba kimoja, na ndani ya chumba kitanda cha tatu kwa sita.

“Nikistaafu nitahamia hapa,” alisema Melkiori.

Mzee Salehe alikuwa amesimama nyuma yetu, akaongezea, “Huku kwetu raha, mwalimu. Hakuna wa kukupigia honi.”

Mimi nilikuwa naangalia kitanda. Nikajisemea moyoni, huyu mwanamume ana akili kweli? Umri huu anilaze kwenye kitanda cha bweni? Lakini sikusema kitu mbele ya mtu wa nje. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalipima jambo lile. Hakuniuliza, lakini mwanamume akikuonyesha nyumba aliyojenga amekuuliza, na mimi nilidaiwa jibu. Niende Marui nikaishi na mtu asiyeongea, mahali ambapo jirani wa karibu ni ngedere? Au nimwambie usoni, baba, nenda peke yako, mimi nabaki Kibaha na kuku wangu? La kwanza lilinitisha. La pili lilinitisha zaidi, kwa sababu kila nikilifikiria nilihisi mabega yakishuka na pumzi ikinitoka vizuri, na mke wa ndoa ya kanisani hatakiwi kuhisi hivyo.

Ndipo Jenifa alipoleta habari ya safari. Jenifa anafanya kazi mjini kwenye kampuni ya tiketi za ndege, na wazazi wa wafanyakazi huwa wanapewa nafasi zao. Alipiga simu amechangamka.

“Shikamoo mama. Mnaenda Ngazija, kule Komoro, wewe na baba. Likizo yake ya mwisho kazini hiyo, mkale bata kidogo!”

“Marahaba. Ngazija kuna nini?”

“Mama! Si kisiwa cha volkano? Si wewe uliyekuwa unachora volkano ubaoni mpaka chaki inaisha?”

Ni kweli. Mlima, moto ndani yake, mshale unaoonyesha kasoko, yaani lile shimo la juu. Nimeuchora mlima ule tangu nikiwa mwalimu mpya na sijawahi kuuona. Nikakubali, lakini si kwa sababu ya mlima. Nilikuwa nimepanga kwamba huko ugenini, bila ofisi, bila kuku, bila Marui, nitamwangalia vizuri mtu huyu. Akiweza kukaa nami kama mwenzangu japo siku moja tu, tukaongea, nitakwenda Marui hata kitanda kiwe cha miti. Asipoweza, nitabaki. Jibu lake lingetoka kisiwani.

Uwanja wa ndege wa kule umezungukwa na mawe meusi, meusi ya mkaa, yaliyomwagika hadi baharini. Ni moto wa zamani uliopoa. Nilisimama kwenye lami nikayaangalia hadi Melkiori akaniambia tunazuia watu. Aliyetupokea ni mwenye gari tulilokodi, kijana mmoja mstaarabu aitwaye Zubeir, ambaye amewahi kukaa Dar es Salaam na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanafunzi wangu. Kigari chenyewe kilikuwa kidogo, cheupe. Zubeir akampa Melkiori funguo, na Melkiori akafanya alichokifanya maisha yake yote. Alikizunguka kigari akipiga matairi kwa kiatu, akafungua mlango wa nyuma kushoto, akausimamia.

Nami nikaingia. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimechoka na safari, mlango ulikuwa wazi, na mwili umekwenda kabla ya akili. Melkiori akaufunga taratibu, akazunguka upande wa kulia wa gari, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akanyoosha mikono. Hakukuwa na usukani.

Zubeir aliinama dirishani anajizuia kucheka. “Mzee, kwetu usukani uko kushoto. Tunapita kulia.” Kisha akanigeukia mimi kwa heshima, “Mama ni mheshimiwa wa wapi? Umekuja na dereva wako kabisa?”

Melkiori akashuka, akazunguka tena, akaketi mbele yangu hasa, kisogo chake kikawa usoni pangu. Mpango mzima wa maisha yake ulikuwa umepinduliwa. Bosi wake hakuonekana kwenye kioo.

Siku za mwanzo zilikuwa hivyo. Kila akitaka kuonyesha kona, mkono ulikwenda kwenye kijiti cha upande aliouzoea, na vifuta maji vikaanza kukwaruza kioo kikavu, kwa-kwa, kwa-kwa, jua linawaka. Alinong'ona njia nzima, “Kulia, kulia, kaa kulia.” Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Mimi niliona kisogo kile kimelowa nikamhurumia, kisha nikamkasirikia, kisha nikachoka. Mzoea punda hapandi farasi. Ningeweza kuhamia mbele, najua. Lakini kila asubuhi alifungua mlango uleule, na kila asubuhi nilisema moyoni, leo asipofungua huu nitajua tumeanza safari. Akafungua.

Kisiwa ni kizuri, hilo lisikupite. Barabara inakumbatia bahari, na kila baada ya kijiji unakuta mto wa mawe meusi umekatiza kutoka mlimani hadi majini. Kuna harufu ya maua ya milangilangi inayoingia dirishani na kukutoa uchovu kwa dakika moja. Mlima wenyewe ulijificha mawinguni. Tulifika ufukweni, tukafika kwenye msikiti wa zamani, tukafika kwenye soko la ndizi na mashelisheli. Kila tulipofika Melkiori aliegesha gari likiangalia njia ya kutokea, akanifungulia mlango, akasema, “Nipo hapa.”

“Si ushuke twende wote?”

“Gari la watu hili, Mama Jenifa.”

“Limefungwa. Nani ataliiba? Litakwenda wapi? Hiki ni kisiwa!”

“Nenda tu uangalie. Nipo.”

Nikaenda. Nimezunguka Ngazija peke yangu na mkoba kwapani, nikiona mambo ya ajabu na kutokuwa na wa kumgusa kiwiko nimwambie “hebu ona”. Wenzetu wazungu walikuwa wawili wawili wameshikana mikono, wameungua pua. Mimi nilikuwa najieleza mwenyewe kwa sauti, mwalimu asiye na darasa. Jioni, chumbani kwa wageni, Melkiori alilala mara tu alipogusa mto. Jibu lake nilikuwa nimeshalipata. Lililobaki ni namna ya kulisema, na kila nilipojaribu kulipanga lilikuja kama karipio la mwanafunzi.

Siku ya mwisho tulikwenda kaskazini kwenye ziwa la chumvi. Ni kasoko ya volkano ya zamani iliyojaa maji, karibu kabisa na bahari, na kuna mwinuko wa kupanda kabla hujaliona. Melkiori aliegesha kivulini. Safari hii sikumbembeleza. Nilipanda taratibu, magoti yananilalamikia, nikafika ukingoni.

Maji yalikuwa ya kijani kizito, yametulia, na kuta za mawe zimeyazunguka pande zote. Hakuna aliyekuwepo. Nilikaa chini juu ya jiwe nikajikuta nimechoka uchovu ambao haukuwa wa magoti. Nilichoka kufunguliwa mlango. Nilichoka kusubiri mtu aamue kuwa mtu. Nikasema, nikishuka pale namwambia, Baba Jenifa, Marui siendi. Nikayarudia maneno mara kadhaa nisije nikayasahau, nikashuka.

Nilipofika kwenye gari kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Melkiori kuacha gari! Nikachungulia, nikamwona. Alikuwa kiti cha nyuma kushoto, kiti changu, kiti cha bosi, amevua viatu, amenyoosha miguu hadi mlango wa pili, mdomo wazi, amelala fofofo. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona Melkiori kwenye kiti kile. Nadhani hata yeye hakuwahi. Viatu vyake alikuwa amevipanga chini vizuri, soksi ndani.

Sikumwamsha. Nikafungua mlango wa mbele kulia polepole, nikaketi, nikamsubiri. Kwa mara ya kwanza ikawa mimi ninayesubiri ndani ya gari. Nikuambie, kazi ile ni ngumu. Huna cha kufanya na huwezi kufanya kingine. Unaangalia kioo, unaangalia nzi, unasikia pumzi ya mtu mwingine anayepumzika vizuri kuliko wewe. Nilianza kufikiria Singida, Dodoma, Mtwara, na vikao vyote vile ambavyo sikuvijua, na mwanamume mmoja amekaa hivi, mikono magotini, hadi jua linatua. Hasira yangu ikapungua, nami sikutaka ipungue.

“Mama Jenifa.”

Nikaanza kugeuka.

“Usigeuke. Angalia mbele tu.”

Sauti ilikuwa ya usingizi, lakini haikuwa ya kujibu swali. Nikaangalia mbele.

“Wakikaa huku huwa wanasema kila kitu,” alisema. “Nilikuwa nashangaa. Mtu mzima, na suti yake, anakaa hapa anamwaga mambo ya ndani ya nyumba yake mbele ya mtu ambaye hata jina la mtoto wake halijui. Kumbe ni kiti. Unaona kisogo tu. Kisogo hakina macho ya kukuhukumu.”

“Haya,” nilisema. “Kisogo kinakusikiliza.”

Nikasikia anakusanya miguu.

“Ile nyumba ya Marui unadhani nimejenga twende wote.”

“Sasa umejengea nani?”

“Kitanda ulikiona.”

“Nilikiona. Nilijisemea tukifika nitakibadilisha.”

“Sikukosea kipimo, Mama Jenifa.”

Mbele yangu kulikuwa na barabara tupu na mbuzi mmoja. Nilimwangalia mbuzi yule hadi leo naweza kukuchorea madoa yake.

“Mimi siku ile nilikuwa nakuaga,” alisema. “Sikujua namna ya kusema, nikakuonyesha.”

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimewafundisha watoto msemo huo bila kujua kwamba unanisubiri. Neno la kwanza lililonitoka ni lile la kila mwanamke.

“Una mwanamke?”

Alicheka. Melkiori alicheka kabisa, kicheko kikavu cha mtu asiye na mazoezi. “Mwanamke! Nguvu ya kumjibu huyu niliye naye sina, niongeze wa pili?” Kisha akaacha kucheka. “Nimechoka, Stella.”

Stella. Jina hilo aliliacha siku Jenifa alipozaliwa.

“Nimechoka kusubiri, na nimechoka kusubiriwa,” aliendelea. “Nikiwa nyumbani nimekaa, nakusikia unavyosubiri niseme neno. Nakusikia kabisa. Ni kama bosi ameshaingia, mlango umefungwa, anangoja nitie ufunguo. Kila jioni nasema leo nitasema kitu, natafuta, sina. Nataka kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayengoja chochote kutoka kwangu. Hata nyanya nitaziambia ziive zitakavyo.”

“Kwa hiyo unaniacha.”

“Sikuachi. Ndoa ni ndoa, tumefunga kanisani. Nakwenda kupumzika. Utakuja, nitakuja. Lakini nyumba ile ni ya mtu mmoja.”

Nililia. Nataka nieleze vizuri kilio kile kwa sababu niliporudi na kumsimulia dada mmoja wa kanisani alidhani ni kilio cha kuachwa, akaniombea. Mimi sikulia kwa sababu ananiacha. Nililia kwa sababu nilipomsikia nilipumua. Mabega yalishuka, kifua kikafunguka, mwili wangu mzima ukashukuru kabla mimi mwenyewe sijamjibu. Jibu lililokuwa linanikaba tangu Marui yeye ndiye aliyelisema, na likawa jepesi. Ndicho kilichoniuma. Watu wawili wameishi pamoja muda wote ule, na siku wanaagana wote wanasikia nafuu.

“Nami nilikuwa nakuja kukwambia siendi,” nilisema nikijifuta kwa upande wa kanga.

“Najua. Niliona unavyotembea kule mlimani.”

“Si ulikuwa umelala?”

“Kabla ya kulala nilikuona ulivyopanda. Ukipanda hivyo ushukaji wake naujua.”

Dereva hana masikio, lakini macho anayo. Nikamwambia avae viatu apande angalau aone ziwa, kwani tumetoka Kibaha tumefika hadi hapa, asije kumwambia Jenifa kwamba ameona vivuli vya kuegesha tu.

“Nieleze,” alisema. “Nieleze tu nikiwa hapahapa.”

Basi nikamweleza. Sikugeuka. Nilimweleza jinsi mlima unavyopasuka, na moto unavyotoka na kupoa, na mdomo unavyobaki wazi, na mvua na bahari vinavyoujaza pole pole hadi watu wanasahau kwamba palikuwa na moto. Nilimweleza rangi ya maji. Nilisema kwa lugha ya darasa la sita, kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Nilipomaliza nilidhani amelala tena.

“Kina chake ni kiasi gani?” aliuliza.

Sikumbuki ni lini mara ya mwisho Melkiori aliniuliza kitu asichokuwa na haja nacho. Nikamwambia watu wa pale wanasema chini hapajulikani. Akasema, “Mh!” kama mtoto. Kisha akavaa soksi, akavaa viatu, akarudi mbele kwenye usukani wake wa kushoto, mimi nikiwa kulia kwake, na tukaondoka. Kwenye kona ya kwanza vifuta maji vikaanza kukwaruza kioo. Safari hii tulicheka wote, kicheko kidogo cha watu waliochoka, na baada ya hapo hatukuongea hadi tukamrudishia Zubeir gari lake.

“Mmekizunguka kisiwa chote?” Zubeir aliuliza.

“Tumekizunguka,” nilimjibu.

Alistaafu mwezi ule uliofuata. Ofisini walimfanyia hafla, wakampa maneno mazuri na kabati. Wiki haikuisha akapakia majembe, redio na ndoo mbili, akaenda Marui. Nilimsindikiza hadi kituoni. Jenifa alikuja juu, akanipigia simu analia, “Mama, mmeachana? Ni mimi na tiketi zangu?” Nikamwambia hatujaachana, tumechoka, na akiwa mkubwa ataelewa tofauti. Ana miaka thelathini na watoto wake wawili. Hakuelewa.

Majirani nao walikuwa na yao. Nilipita dukani nikasikia maneno yananyamaza. Niliwaacha. Nilinunua samaki wa Mto Ruvu wa mtu mmoja, nikampika wa mtu mmoja, nikala nikiangalia taarifa ya habari, na nitakuwa mnafiki nikisema sikufurahia. Nilifurahia sana. Nilikuwa nalala katikati ya kitanda.

Kule Marui mtandao wa simu ni wa kutafuta. Melkiori aligundua kichuguu kimoja mpakani mwa shamba la Mzee Salehe, ukipanda juu yake simu inashika. Mwanzoni alipanda Jumapili kuniarifu kwamba yu mzima. Baadaye akawa anapanda kila jioni kabla giza halijaingia. Na akiwa juu ya kichuguu kile, peke yake, haoni sura ya mtu, Melkiori anaongea. Sikutarajia, wala sikujua nifanye nini. Ananieleza ngedere walivyoingia kwenye mahindi kwa zamu wakiwa na mlinzi wao. Ananieleza Mzee Salehe alivyomkataza kupanda mihogo siku fulani na alivyopanda hivyohivyo na ilivyooza. Ameniambia habari za Singida, siku ile ya Jenifa, kwamba alipopata taarifa aliomba ruhusa kwa bosi, bosi akamwambia asubiri kidogo, na akasubiri. Ameniambia alilia ndani ya gari na akaogopa kuloanisha kiti. Mambo haya ningeyajua mapema ningekuwa mwanamke mwingine. Nilikuwa nasikiliza nimesimama jikoni, na mboga inaungua.

Nimeanza kuitazama saa. Jua likianza kushuka naweka simu karibu, naipunguza sauti ya televisheni. Nilipostaafu nilidhani ninataka mtu wa kuongea naye, sasa najua ninamtaka huyu, na huyu ninamtaka hasa. Ni aibu kwa mwanamke wa umri wangu kumtamani mume wake, lakini ndivyo ilivyo.

Juzi alikuwa anaelezea mvua ilivyopiga bati usiku kucha na alivyokaa kibarazani kuisikiliza. Nikasikia sauti yangu inasema, “Baba Jenifa, kesho nakuja.”

Nikaiangalia simu, nikafikiri mtandao umekatika.

“Kesho nimechoka, Stella,” alisema taratibu, wala si kwa ubaya. “Njoo Jumapili.”

Nilikasirika. Nimelala na mtu huyu kitanda kimoja maisha yangu yote ya ndoa bila kumkumbuka, na siku nimemkumbuka ananipangia tarehe kama ofisi ya ardhi. Nikamwambia Jumapili nina kikao cha kina mama kanisani, siwezi. Akasema sawa, akaniaga, akateremka kichuguu chake.

Leo ni Jumamosi. Nimeshamtuma mtu kwa mwenyekiti wetu amwambie kwamba kesho sitakuwepo kikaoni, na nimeulizia basi la asubuhi linalotoka Mlandizi kwenda upande wa Mzenga, njia ya Marui. Melkiori sijamwambia. Nitafika nisimame uani, na sijui kama atafurahi kuniona.